Mjukuu ametuachia aksolotli, na sasa ameota pamba kwenye matamvua

SWALI

Daktari,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mamboleo hapa Kisumu. Swali langu halihusu ng'ombe wala kuku. Huenda ukacheka, lakini nyumbani kwetu hakuna anayecheka.

Mjukuu wangu alipopata nafasi ya chuo kikuu Mombasa alituachia mnyama anayeitwa aksolotli, pamoja na tangi lake la kioo la lita 80 hivi. Kwa msomaji ambaye hajamwona: ni mnyama wa majini mwenye miguu minne na mkia bapa, urefu wake kama sentimita 22, rangi ya waridi iliyofifia. Kila upande wa kichwa ana matamvua matatu ya kupumulia yaliyochomoza nje, yenye nyuzinyuzi nyekundu. Sisi tunamwita Nyang'. Jirani yetu alipomkuta sebuleni mara ya kwanza alikunywa chai akiwa amesimama mlangoni. Sisi tumemzoea, na mke wangu, aliyekuwa wa kwanza kulalamika, sasa ndiye humsalimu asubuhi kabla yangu.

Tangu wiki jana mambo yamebadilika. Kwanza aliacha kula. Kisha tukaona kitu cheupe kama pamba kimeshika kwenye matamvua mawili ya kushoto. Nyuzi zake nyekundu zimekuwa fupi na zimepauka, na ncha ya mkia ameikunja. Wakati mwingine huelea nusu ya nyuma ikiwa juu, akajitahidi kushuka, akashindwa. Choo sijakiona kwa muda.

Nikueleze tunavyomtunza. Tangi liko juu ya meza karibu na dirisha. Nyumba yetu ni ya mabati na haina dari. Chini ya maji kuna kokoto nzuri tulizookota Mto Kibos. Usafi hatuuchezei: kila Jumamosi tunamwaga maji yote, tunasugua kioo, tunaosha sponji ya filta chini ya mfereji mpaka iwe nyeupe, kisha tunajaza maji mapya papo hapo. Chakula chake ni omena kavu iliyolowekwa, na siku nyingine vipande vya maini.

Ushauri nimepewa mwingi. Kijana wa duka la dawa za mifugo ameniuzia unga wa antibayotiki wa kuku, ambao bado sijautia. Mzee mwenzangu kanisani anasema nimwage chumvi ya jikoni ndani ya tangi. Mjukuu kwa simu anasema nimweke kwenye friji, na mke wangu hataki hata kusikia neno hilo. Binti yetu anayefundisha Kericho amesema nisimguse mpaka nikuandikie. Na kuna aliyesema tumpeleke Dunga tumwachilie ziwani, kwa kuwa ni mnyama wa maji atajua mwenyewe.

Ni ugonjwa gani huu? Je, tunaweza kuambukizwa? Na nifuate ushauri upi?

Mwalimu wa Mamboleo

JIBU

Mwalimu, kabla hujasoma jibu hili mpaka mwisho, naomba umtoe Nyang' kwenye lile tangi. Chukua beseni la plastiki ambalo halijawahi kuguswa na sabuni wala dawa ya kufulia, litie maji yasiyo na klorini ya kumfunika vizuri, ulitue sakafuni katika chumba chenye ubaridi na giza kuliko vingine. Usimshike kwa mkono mkavu. Ngozi yake ina ute unaomkinga, na kiganja kikavu huuondoa. Zamisha bakuli ndani ya tangi, mwongoze aingie taratibu, umhamishe pamoja na maji yake. Funika beseni kwa wavu, maana aksolotli aliyeudhika huruka, na akianguka sakafuni usiku hakuna atakayejua hadi asubuhi.

Maji ya beseni yabadilishe yote kila siku. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili sisi tusiugue tumbo, na klorini hiyo huyachoma matamvua. Ukiyaacha kwenye ndoo iliyo wazi mchana na usiku mzima, klorini ya kawaida hutoka majini ikaenda hewani. Kama yametiwa kloramini, kusubiri hakusaidii. Ndiyo maana napendelea ununue matone ya kuondoa klorini kwa wauzaji wa samaki wa mapambo. Hufanya kazi kwa dakika chache na chupa moja hudumu. Soma maandishi: yakitaja mshubiri, irudishe. Wametia mshubiri kwa ajili ya samaki, lakini kwa ngozi ya amfibia, yaani wanyama wa jamii ya chura kama huyu, haufai. Na usikimbilie maji ya mvua ya kwenye mabati. Hayana madini, na aksolotli hupenda maji yenye madini kiasi.

Sasa tuje kwenye ile pamba. Kwa maelezo yako ni kuvu, na inayowapata zaidi wanyama hawa huitwa Saprolegnia. Wanasayansi huiweka kando kidogo ya kuvu halisi, lakini kwa mfugaji tofauti hiyo haibadilishi tiba. Jambo la kujua ni kwamba mbegu zake zimo katika karibu kila maji yaliyo wazi, na zilikuwa ndani ya tangi lenu hata siku ambazo Nyang' alikuwa mzima. Aksolotli mwenye afya huishi nazo bila shida. Zinamea pale ngozi au matamvua yalipokwisha kudhoofika kwa sababu nyingine. Ukiiua kuvu leo bila kuiondoa sababu hiyo, wiki ijayo itarudi na utanunua dawa nyingine.

Sababu ya kwanza hujaitaja popote katika barua yako, na sishangai, kwa sababu watu wachache humwambia mnunuzi wa aksolotli habari hii: joto. Asili ya mnyama huyu ni maziwa ya Xochimilco na Chalco katika bonde la Mexico City, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130. Hiyo tofauti ya zaidi ya kilomita moja ndiyo ugonjwa wa Nyang'. Wengi wa aksolotli wanaofugwa duniani wametokana na kundi dogo lililopelekwa Paris miaka ya 1860, na vizazi vyote hivyo vya kuishi kwenye vioo havijawafundisha kupenda joto. Maji yanayomfaa ni ya nyuzijoto 16 hadi 18 za Selsiasi. Yakipita 20 anaanza kutaabika, na yakikaa nyuzi 24 au zaidi kwa siku kadhaa, kukosa hamu ya kula na kuota kuvu ni mambo ya kutarajiwa.

Nunua kipimajoto cha tangi, bei yake ni ndogo, ukisome saa tisa alasiri. Tangi lililo dirishani chini ya mabati yasiyo na dari, katika mji ambao mchana wake hufika nyuzi 29 au 30, sioni vipi litakuwa chini ya 24. Na joto lina njia mbili za kumwumiza kwa wakati mmoja. Maji ya nyuzi 18, kwa vipimo vya usawa wa bahari, hubeba karibu miligramu 9.5 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 27 hubeba kama 8 tu. Mwili wake nao, kwa kuwa hauna joto lake wenyewe, huenda mbio zaidi kadiri maji yanavyopata moto, ukidai oksijeni nyingi zaidi. Kuvu na bakteria hupenda joto hilohilo.

Kwa leo, gandisha chupa za plastiki za nusu lita zenye maji, uiache chupa moja ielee beseni, na ikiyeyuka uweke nyingine. Shusha joto kidogo kidogo, nyuzi moja au mbili kwa saa kadhaa. Usimwage barafu yenyewe ndani ya maji. Mabadiliko ya ghafla humwumiza kama joto lenyewe, ndiyo maana sitaki chupa tano kwa mpigo ati apone haraka. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia pia, ingawa kwa unyevu wa hewa ya kando ya ziwa usitarajie makubwa: nyuzi mbili, tatu ukibahatika.

Sababu ya pili ni Jumamosi zenu. Hapa najua nitamwudhi mama, kwa sababu mnachofanya kinaonekana ni usafi wa kupigiwa mfano. Aksolotli hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kinachomwokoa mnyama kwenye tangi ni bakteria wema wanaoishi hasa ndani ya sponji ya filta: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi nane kujijenga. Nyinyi mmekuwa mkiwaua kila wiki kwa maji ya klorini, na Jumapili tangi linaanza upya kama la siku ya kwanza. Katikati ya wiki amonia inapanda, matamvua yanaungua. Zile nyuzi zilizofupika na kupauka ulizoziona ndizo alama yake, na ncha ya mkia iliyokunjwa ni dalili ya mnyama aliye taabani. Mikondo mikali ya filta nayo huweza kumfanya akunje matamvua mbele, ukiona hivyo punguza nguvu ya pampu.

Tangi likianza tena, badilisha robo ya maji kwa wiki, maji mapya yakiwa yametolewa klorini na yana joto sawa na ya zamani. Sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, basi. Ikibaki ya kahawia, ndivyo inavyotakiwa. Nunua na vifaa vya kupimia maji, vile vya matone, si vikaratasi. Amonia iwe 0, nitriti 0, nitrati isipite miligramu 40 kwa lita. Mpaka vipimo hivyo vitulie, Nyang' anakaa beseni. Huko hakuna bakteria wa kumsafishia, ndiyo maana nimesema maji yote yamwagwe kila siku.

Habari njema ni kwamba matamvua yanaota tena. Huyu ni mnyama anayeotesha hata mguu uliokatika, ndiyo maana maabara nyingi humfuga. Maji yakiwa safi na baridi, baada ya wiki chache utaona wekundu unarudi wenyewe.

Kuelea kwake ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi ya pamba. Aksolotli hali kwa kutafuna. Hufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na chochote kilicho mbele yake. Kokoto yoyote inayopita kinywani mwake, siku moja itapita. Mnyama aliyeacha kula, haonekani kwenda choo, na anaelea nyuma ikiwa juu, mtu hufikiria kwanza kwamba amemeza jiwe, au ana gesi tumboni. Akishuka chini mwenyewe baada ya siku mbili tatu kwenye maji baridi, huenda ilikuwa gesi. Angalia kinyesi kila asubuhi. Unaweza kukuta kokoto imetoka. Hizo za Mto Kibos zitoe zote, usibakize za mapambo. Sakafu tupu ya kioo inatosha, au mchanga laini sana kwa mnyama wa ukubwa wake.

Hapo ndipo friji ya mjukuu inapoingia, na sikatai kwamba ni mbinu inayojulikana. Wafugaji humweka aksolotli kwenye chombo chenye kifuniko, ndani ya friji yenye nyuzi 5 hadi 8, wakibadilisha maji kila siku kwa mengine yaliyopozwa humohumo. Baridi hiyo huipunguzia kuvu kasi na wakati mwingine husaidia tumbo kutoa kilichokwama. Lakini lazima afikishwe huko polepole, kwa muda wa siku nzima au zaidi, na friji isizimike. Kwa stima zetu zinavyokatika, mnyama atapanda na kushuka nyuzi kumi mara mbili kwa siku, na hilo ni baya kuliko kumwacha nje. Kwa hiyo mama ameshinda, ingawa kwa sababu tofauti na zake. Beseni lenye chupa za barafu, joto likidumu kati ya 16 na 18, linatosha kwa kuanzia.

Pamba sasa. Ya kwanza kujaribu iwe chai, na kwa hili huna sababu ya kwenda mbali. Kifuko kimoja cha majani makavu ya chai nyeusi kwa lita 10 za maji ya beseni. Kichemshe kando, kiache kipoe kabisa, ndipo umimine. Majani matupu tafadhali, bila maziwa, sukari, tangawizi wala masala. Kile kinachofanya chai iwe kali mdomoni hukaza ngozi kidogo na kuisumbua kuvu. Ni tiba ya wafugaji iliyo pole, haimdhuru, na kwa kuvu changa mara nyingi inatosha.

Isipopungua baada ya siku tatu nne, tumia chumvi, lakini si namna aliyokueleza mzee wa kanisani. Chumvi haimwagwi ndani ya tangi. Aksolotli ni mnyama wa maji matamu, na ngozi yake hupitisha maji na chumvi kwa urahisi. Akiishi ndani ya chumvi utamuua taratibu. Ni bafu la muda: vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji baridi yasiyo na klorini, chumvi iyeyuke yote, mnyama akae humo dakika 10, isizidi 15, ukisimama hapo na saa mkononi. Kisha mrudishe kwenye maji safi. Mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache tu. Akianza kurukaruka au kupinduka, mtoe hata kama dakika hazijatimia. Mwenye ngozi iliyochubuka au vidonda usimtie kabisa.

Chumvi yenyewe iwe ile isiyo na iodini. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe iodini kwa ajili ya afya yetu, kwa hiyo ya jikoni kwenu karibu hakika inayo. Iodini ndiyo malighafi ya homoni za tezi ya shingo, na kwa aksolotli homoni hizo ndizo zinazoweza kumlazimisha aache maji, apoteze matamvua na kugeuka mnyama wa nchi kavu, mageuzi ambayo wengi hawaishi sana baada yake. Bafu la dakika 10 pengine halitafika huko, lakini sioni haja ya kubahatisha wakati wauzaji wa vifaa vya samaki wana chumvi safi. Na chumvi ya ng'ombe usiiguse. Ina madini ya shaba, na shaba ni sumu kali kwa amfibia. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za samaki zenye shaba au rangi ya kijani ya malakaiti zibaki dukani.

Ule unga wa kuku urudishe kama watakubali. Antibayotiki haigusi kuvu hata kidogo, na ndani ya tangi itaua wale bakteria wema tunaotaka kuwajenga. Ipo siku antibayotiki huhitajika: ukiona madoa mekundu ya damu kwenye miguu, tumbo au mkia, ngozi ikimomonyoka, hiyo ni bakteria imeingia mwilini, na dozi yake hupimwa na daktari kwa uzito wa mnyama. Vivyo hivyo tumbo likifura pande zote na ngozi ikakaza. Hayo ni maji ya ndani, mara nyingi kutoka kwa figo au moyo, na hakuna bafu la kuyatibu. Usimtoboe. Madaktari wa mifugo waliozoea amfibia ni wachache nchini. Anza kuuliza Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton, au Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko ndiko pa kuulizia picha ya eksirei vilevile, kama kuelea hakutakwisha na hujaona kokoto ikitoka.

Chakula. Usimlazimishe kula kwa sasa. Mkubwa kama huyo anaweza kukaa wiki mbili bila chakula na asidhurike. Hamu ikirudi, mpe nyungunyungu. Sijui chakula kingine kinachomtosheleza hivyo, tena cha bure. Chimba penye mboji, mbali na shamba lililopigwa dawa, suuza, kata vipande ikiwa ni wakubwa, mara mbili au tatu kwa wiki. Omena kavu ni tamu kwetu na ugali, lakini kwake ni miiba na maji machafu. Maini yachafue tangi la nani tena? Yaacheni. Samaki wabichi wa ziwani nao huja na minyoo. Mabaki yatoke saa hiyohiyo, yasilale.

Dunga sahau kabisa, Mwalimu. Nyang' mwenyewe hatafika mbali, maji ya ziwa ni ya moto kwake. Lakini hata mnyama anayekufa huacha vijidudu alivyotoka navyo, na ziwa letu limekwisha kuonja wageni: mbuta aliyeingizwa katikati ya karne iliyopita, kisha magugumaji, na hata sato wa Nile ambaye tunamkaanga leo alichangia kumsukuma ngege wetu wa asili. Kule Xochimilco ni samaki kutoka Afrika, tilapia, pamoja na samaki aitwaye kapu (carp), walioachiliwa kwenye mifereji na kuanza kula mayai na watoto wa aksolotli. Leo aksolotli wa porini wamebaki wachache mno, na biashara yao inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwulize mjukuu kama muuzaji alimpa karatasi zozote.

Sasa yule binti wa Kericho, uliyemtaja kwa mstari mmoja ukapita. Kericho iko karibu mita 2,000, na joto lake la wastani ni kama nyuzi 17 au 18. Tangi lililo kwenye chumba kisichopata jua huko litajipoza lenyewe karibu mwaka mzima, bila chupa za barafu. Hapa Kisumu kuna njia moja tu ya kudumu, mashine ya kupoza maji, ambayo ni ghali na inataka stima saa zote. Unaweza kuinunua. Lakini ukiniuliza mimi, ningemwomba binti ampokee, hata kama mama atamkosa asubuhi.

Usimsafirishe akiwa hivi. Ngoja kuvu ikauke na aanze kula, kisha mnyime chakula siku mbili, mtie kwenye chombo chenye kifuniko na maji baridi, chombo ndani ya kasha la kupozea lenye chupa moja ya barafu pembeni, mpande matatu ya alfajiri kabla jua la Ahero halijawaka. Wakati huo tangi liwe limekwisha pelekwa, filta ikizunguka kwa binti kwa wiki kadhaa.

Umeuliza kuhusu kuambukizwa. Kuvu hii haiwatafuti watu. Amfibia hata hivyo wanaweza kubeba bakteria wa Salmonella wakiwa wazima kabisa, kwa hiyo nawa kwa sabuni kila ukitoa mkono majini, maji machafu yamwagwe chooni na si kwenye sinki la vyombo, na wajukuu wadogo wamwangalie kwa macho. Beseni hilo nalo, hata akishapona, lisirudi jikoni.